Mkia wa Hesabu ya Uvira

Mimi kazi yangu ni kuandika fakitire za watu, yaani karatasi za madai yao. Nina kibanda cha kuchapa na kufotokopi pale Nyawera, hapa Bukavu, ukishuka kutoka sokoni, kabla hujafika kituo cha pikipiki. Wafanyabiashara huniletea hesabu zao kwenye vipande vya katoni na karatasi za sigara, mimi ninazigeuza kuwa fakitire zenye mistari na jumla chini. Kwa hiyo nikisema nimeona hesabu za ajabu maishani, niamini. Lakini ya Maisara ilinishinda. Mwanamke mwenye akili zake timamu analipa faranga elfu tano ili kudai faranga elfu tatu! Na mwezi ukiisha anarudi kufanya vilevile, amejitanda mtandio wake vizuri kama mtu anayekwenda harusini.

Mara ya kwanza sikuweza kunyamaza.

“Maman Maisara, angalia mwenyewe. Facture iko trois mille. Kuituma Uvira iko cinq mille. Hapa nani anamulipa nani?”

“Chapa tu, Alphonse,” alinijibu. “Hesabu yangu naijua.”

Nikachapa, lakini kwa hasira. Hesabu mbovu inaniuma kichwa hata ikiwa ya mtu mwingine.

Maisara ni fundi wa kanzu. Baba yake ni marehemu mzee Akilimali, aliyekuwa na duka la vitambaa na karakana ya kushonea hapahapa Nyawera, mtu wa ukoo wa wale Waswahili ambao babu zao walitoka pwani na misafara, wakakaa Kasongo, wakashuka Uvira, kisha wakapanda huku kwetu kwenye baridi. Kiswahili cha nyumbani kwao kimenyooka kuliko chetu sisi Wakatoliki wa Kabare, ingawa naye Bukavu imeshamwingia mdomoni. Kanzu anazishona kwa mashine, lakini shingo anaitarizi kwa mkono, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa. Wauza nguo wa Uvira, Baraka na Fizi, miji ya kule chini ziwani, wanamwagizia, hasa Idi ikikaribia. Mzigo unashuka na madereva, na fakitire inafuata mwisho wa mwezi, ndani ya bahasha.

Bahasha siku hizi hatuipeleki posta. Inapelekwa ajensi ya magari kule Essence, inaandikwa jina la mtu na simu yake, dereva anaiweka juu ya mizigo, na kule Uvira mwenyewe anakwenda kuichukua. Wanaiita pli. Ilikuwa elfu mbili kwa miaka, hata tukasahau kwamba ni bei, tukadhani ni desturi.

Sasa kuna jambo la watu hawa ambalo lazima ulijue, la sivyo utamwona Maisara hana akili, kama nilivyomwona mimi. Mzee Akilimali alikuwa na sheria yake dukani: mteja mzuri halipi yote. Analipa karibu yote, kisha anaacha kidogo chini. Hicho kidogo walikiita mkia. Maana yake, huyu mtu bado ana jambo na sisi, atarudi. Na aliyelipa mpaka faranga ya mwisho, mzee alimsindikiza hadi mlangoni na kumpa mkono kwa mikono miwili. “Mwenye kulipa yote anaaga,” ndivyo alivyosema, na watoto wake walikua na neno hilo. Sisi wengine tunasema dawa ya deni kulipa, tunalipa, tunalala. Wao wakilipwa yote wanaingiwa na wasiwasi, wanaulizana wamemkosea nini yule mtu.

Na mkia wa elfu tatu ulikuwa wa Hamadi.

Hamadi ana duka la nguo Mulongwe, kule Uvira. Ujana wake aliupitisha Nyawera, amejifunza kushona kwa mzee Akilimali, mashine yake ikitazamana na mashine ya Maisara. Walikuwa hawasemezani sana, kwa heshima ya mzee, lakini mtaa mzima ulijua. Uzi wa Hamadi ulikuwa unakatika kila Maisara akiinua macho, na wenzao wakamwita Bwana Uzi. Basi akashuka Uvira kutafuta mahari. Vita ikaja, njia zikafungwa. Huyu akasema Hamadi ameonekana Kigoma, yule akasema amezama ziwani. Mzee Akilimali alikuwa amezeeka na ameingiwa na hofu ya kuacha binti bila mtu, akamwoza kwa fundi saa wa Kadutu. Alikuwa mtu mwema, na Maisara hapendi kusikia neno baya juu yake.

Kisha Hamadi akarudi, mahari mfukoni. Alimkuta Maisara ana mtoto mgongoni. Alisalimu, akanywa chai, akamuuliza mzee habari za kifua chake. Kabla ya kuondoka alinunua kanzu mbili alizotarizi Maisara, akalipa karibu yote. Tangu siku hiyo mkia haujakatwa. Kila akiagiza mzigo analipa, kila akilipa anaacha, na hata miezi ambayo hakuagiza chochote, Maisara anamwandikia fakitire ya ule mkia peke yake.

Yule fundi saa alifariki. Mke ambaye Hamadi alikuja kumwoa kule Uvira naye akafariki baadaye, Mungu awarehemu wote. Ungefikiri sasa njia imefunguka. Wapi! Hawa ni watu wenye heshima kupita kiasi. Mficha uchi hazai, nilimwambia Maisara siku moja kwa utani, akanitazama mpaka nikajifanya natafuta wino.

Utauliza, simu je? Simu anayo. Wamejaribu. Wanaulizana hali, watoto, mvua, wagonjwa, wanaanza tena hali, halafu wote wawili wananyamaza, na ule unyamavu unakula unité, pesa za simu, mpaka zinakwisha. Kwenye karatasi ni tofauti. Maisara hataki nichape salamu. Ananiambia niache nafasi chini ya jumla, na pale anaandika kwa mkono wake, amesimama palepale kwenye meza yangu, amenipa mgongo. Baada ya juma moja au mawili Hamadi anarudisha kopi aliyoitia sahihi, na chini yake mistari michache. Huku joto. Ziwa limepanda, limeingia kwenye viwanja vya watu. Shingo ya ile kanzu ya kijani imesifiwa msikitini.

Karatasi zile zilikuwa zinanuka ndagala, kwa sababu madereva wanaporudi wanaweka bahasha juu ya magunia ya samaki. Nilimwona Maisara akiisogeza moja puani hivyohivyo na ndagala zake, halafu akaikunja akaitia mkobani.

“Unamukumbuka, hein?” nikamuuliza.

“Mimi simukumbuki, Alphonse. Kukumbuka ni kwa mutu mwenye alisahau.”

Nilirudi kwenye mashine yangu, na siku hiyo sikumtoza pesa ya kuchapa.

Basi petroli ikapanda. Mvua nayo ikala barabara kule milimani, magari yakawa yanalala njiani, na ajensi ikabandika tangazo. Aurore, yule dada wa kwenye dirisha la mizigo, aliwaeleza watu kwa upole wote, lakini tangazo ni tangazo: pli ya Uvira, elfu tano.

Nyawera nzima ilitafuta njia ya kukwepa. Wengi walianza kupiga fakitire picha na kuzituma kwa simu, na mimi mwenyewe nilipata kazi mpya hapo. Nikamshauri Maisara afanye hivyo. Alisitasita, mwishowe akakubali. Akaandika salamu zake, nikapiga picha karatasi nzima, nikaituma kwenye simu ya mtoto wa Hamadi, maana simu ya Hamadi ni ile ndogo ya vibonye. Jibu lilikuja palepale. Nikamwonyesha.

Alikisogeza kioo cha simu karibu na macho.

“Hii ni nini?”

“Ni kidole, maman. Kidole gumba. Maana yake, amepata.”

“Nani amepata?”

“Mutoto.”

“Na baba yake?”

“Atamuambia.”

“Atamuambia kwa kidole?” aliuliza Maisara, na nilikuwa tayari kucheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi. Hatukupiga picha tena.

Njia ya pili ilikuwa bahasha ya pamoja. Wauzaji wanakusanya fakitire zao zote za Uvira kwenye bahasha moja kubwa, wanachangia bei, na kule mtu mmoja anazigawa dukani kwa duka. Ni akili nzuri, nami niliisifu. Lakini mgawaji wa Uvira alikuwa na macho na mdomo pia. Salamu za Maisara zilisomwa Mulongwe nzima kabla hazijafika kwa mwenyewe. Hazikuwa na neno lolote la aibu, alikuwa ameandika tu kwamba mvua imerudi na kwamba ule mti wa parachichi wa nyuma ya karakana ya baba yake, ambao Hamadi anaujua, umezaa tena. Hamadi alipopita sokoni watu walimuuliza bei ya parachichi. Mwezi uliofuata Maisara aliandika neno moja tu chini ya jumla, “Salamu,” na Hamadi naye akajibu “Salamu.” Nilizipima zile nafasi mbili nyeupe kwa macho, nikasema moyoni kwamba zile elfu tano za bahasha ya peke yake zilikuwa na sababu.

Kwa hiyo akarudia bahasha yake mwenyewe, iliyofungwa kwa gundi. Aliacha kupanda pikipiki ili apate pesa ya pli, akawa anatembea kwa miguu toka Kadutu mpaka Nyawera, kilima chote kile, na magoti yake si ya jana. Nilimwona akija amelowa mvua. Nilimkaripia kama dada yangu, akacheka. Alikuwa na furaha, nitamnyima? Ameshika bahasha.

Kisha tangazo la pili likabandikwa. Elfu kumi.

Siku hiyo alisimama mezani kwangu muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuwa nimechapa fakitire, jumla elfu tatu, nafasi nyeupe chini. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilimsikia anaandika, anaacha, anaandika.

“Umeandika nini leo?” nikamuuliza alipomaliza.

“Nitaandika nini? Nimeandika mvua. Halafu nimeandika bei ya pli, imefika elfu kumi, inanishinda kimo.”

“Basi?”

“Basi.”

Najua mtu anavyojaza karatasi wakati jambo lenyewe amelikalia. Wateja wangu wote wanafanya hivyo. Lakini sikufikiria zaidi, wala yeye.

Hamadi alifikiria. Ni mtu wa huruma, kila mtu anayemjua anasema hivyo. Alisoma kwamba bei imemshinda Maisara kimo, na huruma ikamwingia. Siku chache baadaye Maisara alikuwa kwangu, ananiletea hesabu za mteja wa Baraka, simu yake ikalia mlio ule wa pesa ikiingia. Hana miwani mizuri, akanipa nisome.

“Trois mille!” nikapiga kelele. “Kutoka kwa Hamadi. Amelipa mukia! Félicitations, maman, hesabu imekwisha!”

Nilipoinua macho alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Hakuwa amekaa kwenye kile kiti hata siku moja, siku zote alisimama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka.

“Ameaga,” alisema.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno la mzee Akilimali, nikazionea aibu zile pongezi zangu. Nikajaribu kutengeneza. Nikamwambia labda ni makosa ya mtandao. Nikamwambia labda ni yule mtoto na vidole vyake. Lakini kopi ililetwa na dereva siku iliyofuata, inanuka ndagala kama dada zake, na Maisara akanipa niisome kwa sauti kwa sababu mwenyewe alishindwa. Hamadi alikuwa ameandika: Baada ya salamu. Nimekata mkia ili usisumbuke tena na bahasha. Umetembea vya kutosha kwa ajili yangu. Mungu akulipe. Huku joto.

“Anajua mukia ni nini,” Maisara alisema. “Alijifunza kwa baba. Anajua.”

“Maman, hajaaga! Amekuhurumia.”

“Nani alimuomba huruma?”

Nikakasirika, si naye, nikakasirikia tangazo la ajensi, petroli, barabara, adabu yao wote wawili. Nikamwambia amtumie mzigo mpya, kanzu kumi, ishirini, deni lianze upya. Akatikisa kichwa. Huwezi kumpelekea mtu kitu ambacho hakuagiza, alisema, hiyo ni kumkimbilia mteja barabarani, baba yake angegeuka kaburini. Nikamwambia basi mwandikie barua bila fakitire. Akaniuliza, barua ya nini? Mwanamke wa umri wake, mjane, anamwandikia mwanamume bila hesabu yoyote kati yao, ataanza na neno gani? Nikafungua mdomo nimpe hilo neno, nikaona sina haki nalo.

Akaondoka, na siku nyingi hakuja. Nilipita kwenye karakana yake kwa kisingizio cha suruali ya kupunguza. Alikuwa amekaa na kanzu nyeupe mapajani, shingo imetariziwa nusu, sindano imechomekwa na haiendi. Nilimuuliza anaendeleaje.

“Mwisho wa mwezi unafika,” aliniambia, “na mimi sina kitu cha kutuma. Zamani mwezi ukifika nusu nilikuwa naanza kupanga nitamuambia nini. Naona kitu njiani, nasema hiki nitamuandikia. Sasa naona vitu, sina pa kuviweka.” Akavuta uzi, ukakatika. “Namtaka, Alphonse. Nimemtaka maisha yangu yote, na nimemudai elfu tatu.”

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, wala sikutegemea. Niliiacha suruali pale, sikumbuki hata kama nilimwambia kwaheri.

Alikuja kwangu juma lililofuata, asubuhi, mtandio umekaa sawa. Akaniambia nimchapie risiti. Fakitire iliyolipwa yote inadai risiti ya kufunga hesabu, na hiyo ndiyo karatasi ya mwisho, hata mzee Akilimali alikuwa anaitoa. Nikachapa: Imepokelewa kwa Bwana Hamadi, elfu tatu, hesabu imefungwa. Nikaacha nafasi chini kama kawaida. Akatia sahihi. Kwenye ile nafasi hakuandika kitu. Nilimpa bahasha, akaishika mkono mmoja na risiti mkono wa pili, kila kitu mbali na mwenzake.

Nilifunga kibanda nikamsindikiza mpaka Essence. Nilisema nina shughuli kule, hakuniuliza shughuli gani. Motari, wale wa pikipiki, walituita, maman panda, papa panda, sisi tukaendelea na miguu yetu kwenye tope. Nilikuwa nafikiria kwamba naenda kwenye mazishi, na ukweli ni kwamba niliyavalia uso wa msiba kabisa.

Kwenye ajensi watu walikuwa wengi, gari la Uvira la kesho yake lilikuwa linapakiwa magunia. Aurore alimwona Maisara kwa mbali akamtengenezea nafasi dirishani, maana anamjua.

“Maman Maisara! Pli ya papa Hamadi? Pole, bado iko dix mille.”

Maisara aliiweka risiti juu ya ubao wa dirisha. Hakuitia kwenye bahasha.

“Na mutu?” aliuliza.

“Mutu gani, maman?”

“Mutu. Mutu akienda Uvira yeye mwenyewe, na karatasi yake iko mukononi. Karatasi munaipima?”

Aurore alinitazama mimi, kama mimi ndiye ninayejua. Nilikuwa sijui kitu.

“Hapana, maman,” akasema. “Karatasi ya abiria hatuipimi, haina bei. Analipa tu place, kiti chake. Quinze dollars.”

Nikaanza kupiga hesabu kichwani, ni ugonjwa wangu. Dola kumi na tano, kupeleka risiti ya elfu tatu. Ilikuwa hesabu mbovu kuliko zote nilizowahi kuziona, na nikajikuta natafuta mfukoni mwangu nione nina kiasi gani cha kuongeza. Maisara alinishika mkono akaurudisha. Alifungua mkoba, akatoa zile pesa zilizokunjwakunjwa, akazinyoosha moja moja juu ya ubao kwa vidole vyake vya kutarizi.

Aurore akachukua kalamu.

“Jina naandika Maisara Akilimali. Aller simple ao aller-retour? Kwenda tu, ao kwenda na kurudi?”

Maisara aliichukua risiti yake ubaoni, akaikunja polepole. Mtu wa nyuma yetu akaanza kulalamika, nikamgeukia nikamwambia anyamaze, nilimwambia vibaya.

“Andika aller,” Maisara akasema. “Ya kurudi nitaisikia kwake.”